Kuweka Alama Samaki wa Ziwa Victoria: Mwongozo Kamili Hadi Alama Irudi

Swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi wa uvuvi ni hili: "Tuliweka alama samaki mia mbili, miezi minane imepita, hakuna hata moja iliyorudi. Tumekosea wapi?" Nikiwahoji kidogo, jibu hujitokeza lenyewe. Ama samaki walikufa saa chache baada ya kuachiwa, ama walivuliwa na alama ikatupwa. Aliyeitupa hakujua ni kitu gani, au alijua vizuri na akaogopa.

Mwongozo huu unahusu alama moja tu: uzi mfupi wa plastiki wenye namba, unaochomekwa chini ya pezi la mgongoni. Wavuvi wengi wanaozungumza Kiswahili mwambao wa Kasensero, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, wanauita hereni, kama ya ng'ombe, nami nitauita hivyo hivyo. Ni mojawapo ya njia za bei nafuu zaidi za kujua samaki ametoka wapi na amefika wapi.

Kama ndoto yako ni kuwa mwanasayansi wa bahari, usidhani kukaa Uganda kumekufungia njia. Katikati ya miaka ya 2000 jodari zaidi ya 160,000 waliwekwa alama za jamii hii katika Bahari ya Hindi, wengi wao mbele ya pwani ya Tanzania. Mkono unaoshika sangara vizuri hapa ziwani utamshika na jodari.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kugusa maji. Kikipungua kimoja, anayelipa ni samaki.

- Hereni zenye kichwa cha umbo la T, rangi ya manjano au chungwa, pamoja na bunduki yake ya kuchomekea.
- Sindano za akiba, angalau tatu. Sindano butu haichomi, inachana.
- Wavu wa kupokelea wenye mpini, usio na vifundo. Vifundo vinakwangua ute na magamba.
- Tangi la plastiki la lita 200 au zaidi, lenye kifuniko, na pampu ya hewa ya betri.
- Ubao wa kupimia wenye umbo la mfereji, uliotandikwa sponji.
- Taulo mbili laini za pamba, glavu laini za mpira, spiriti, ayodini.
- Kreti la plastiki, kamba ya mita 20, na chuma cha kilo chache cha kulizamisha.
- Kipima joto, na kipima oksijeni kama unaweza kuazima.
- GPS, na fomu zilizochapwa kwenye karatasi ngumu. Tumia penseli. Wino wa kalamu ukilowa unapotea, na namba nayo inapotea.
- Laini mpya ya simu itakayotumika kwa kazi hii peke yake.
- Jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, akiwemo nahodha anayesema halihitaji.

## Hatua ya 1: Vibali

Utafiti wowote Uganda unasajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Kwa kuwa unachoma mnyama hai, unahitaji pia idhini ya kamati ya maadili inayoshughulikia wanyama. Idara ya uvuvi ya wizara iko Entebbe, na taasisi ya utafiti wa uvuvi, NaFIRRI, iko Jinja. Pita kote kuwili. Ukifanya kazi ndani ya hifadhi kama Queen Elizabeth au Murchison Falls, ongeza kibali cha mamlaka ya wanyamapori, UWA. Kisha shuka wilayani kwa ofisa uvuvi, na hatimaye kwa mwenyekiti wa LC I (baraza la kijiji) wa mwalo wenyewe, yaani pale mashua zinaposhusha samaki.

Tenga miezi, si wiki. Na barua moja iombe mapema kuliko zote: inayosema kwamba taarifa ya mvuvi anayerudisha hereni haitatumika kumshtaki. Sababu utaiona Hatua ya 3.

## Hatua ya 2: Chagua samaki mmoja na swali moja

Usiweke alama kila kinachoingia kwenye wavu. Sangara ni mzuri kwa kuanzia: ni mkubwa, anavuliwa sana, na hupita mikono mingi kabla ya kufika kiwandani. Chukua wa sentimita 50 kwenda juu. Chini ya hapo si halali kumvua, kwa hiyo atakayemkamata hatakupigia simu. Sato naye anafaa. Kambare hana magamba na anateleza, mwache mpaka mkono uzoee. Ningu ana swali tamu kuliko wote kwa sababu hupanda mitoni mvua zinapoanza, lakini amekuwa adimu mno kumfanyia majaribio ya mwanafunzi.

Kamongo ana sheria yake. Huyu anavuta hewa kwa mapafu, na akizuiwa kufika juu ya maji anakufa kwa kukosa pumzi humo humo majini. Tangi lake lisijazwe mpaka ukingoni.

Swali liandike kwa sentensi moja. "Je, sangara wanaovuliwa Kasensero hubaki upande wa Uganda au huvuka kwenda Tanzania?" Hilo ni swali. "Kuchunguza mienendo ya samaki" halijawa swali bado.

## Hatua ya 3: Kaa mwaloni kabla ya kuingia ziwani

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, na mimi mwenyewe nimewahi kufia hapo. Mara ya kwanza nilibandika matangazo kwenye kuta, nikaondoka. Baadaye, mvuvi mmoja alinionyesha hereni yangu aliyokuwa ameificha miezi minne ndani ya kopo la chumvi. Akaniuliza, "Dada, nikikupa hii si utaniletea wanajeshi?" Yule sangara alikuwa mdogo kuliko kipimo halali, na wanajeshi walikuwa wakikamata watu kwa kosa hilo. Tangazo langu lilikuwa limeeleza kila kitu isipokuwa kile alichohitaji kukisikia.

Tangu siku hiyo nakwenda na ile barua ya Hatua ya 1 mkononi, pamoja na ofisa uvuvi, na yeye mwenyewe ndiye anayeisoma mbele ya watu. Neno lake likisikika hadharani, hofu inapungua. Likisemwa na mimi mgeni, halina uzito.

Ongea na makundi yote, kila moja kwa wakati wake:

Wavuvi utawapata wakirudi na mashua asubuhi, au wanaposhona nyavu. Usiwasimamishe wakati wa kuuza.

Akina mama wanaokausha na kukaanga samaki ndio wanaomgeuza samaki pande zote. Hereni iliyompita mvuvi gizani itaonwa na wao.

Wapasuaji na wanunuzi wa mabondo (vibofu vya hewa vya samaki), ambayo Waganda huyaita enuuni, hufungua tumbo la kila sangara mkubwa kwa sababu humo ndimo mna pesa. Waonyeshe hereni halisi, waishike.

Lugha nayo ipange. Mwambao ule una Waganda, Watanzania kutoka upande wa Bukoba, na kwenye visiwa vya mashariki kuna Wajaluo wengi. Kiswahili kinawafikia wengi wao, lakini tafuta mtu wa kurudia kwa Kiganda na Kijaluo.

Zawadi itangaze wazi, itume kwa simu siku hiyo hiyo, na usiwahi kumdai mvuvi samaki wake. Wewe unataka hereni na maelezo. Samaki ni mali yake.

Dalili ya kufaulu: watu wanaanza kukuuliza maswali magumu. "Nikimkata vipande kwanza je?" "Nikiokota hereni bila samaki je?" Mkutano usio na maswali haujaeleweka.

## Hatua ya 4: Andaa hereni

Hereni ina nafasi ya maneno machache tu. Weka namba yake, neno ZAWADI, na namba ya simu. Namba ya simu ianze na +256. Samaki hana pasipoti. Akivuliwa Mwanza au Kisumu, namba inayoanza na sifuri haitakupata, na mvuvi atajaribu mara moja tu.

Zipange kwa mfululizo, zihesabu, ziandike kwenye daftari kabla ya safari. Hereni mbili zenye namba moja zitakuharibia kila kitu.

## Hatua ya 5: Jizoeze kwa samaki wa sokoni

Nunua sato kumi waliokufa, wabichi. Chomeka hereni tano kwa kila mmoja, kisha mpasue kila mmoja uone kichwa cha T kimekaa wapi. Kinatakiwa kiwe kimenasa nyuma ya vile vijifupa vyembamba vinavyobeba pezi la mgongoni. Kikiwa kwenye nyama tupu, hereni itachomoka yenyewe baada ya muda.

Namna ya kuchomeka: upande wa kushoto, chini kidogo ya pezi, ng'oa gamba moja kwa ncha ya sindano. Elekeza sindano mbele kwenye kichwa kwa mwinamo wa nyuzi kama 45, sukuma mpaka usikie imepita vijifupa, bonyeza, zungusha mkono robo, chomoa taratibu. Vuta hereni kidogo. Isipocheza, iko sawa. Mwinamo huo una sababu: hereni inalala kuelekea mkiani samaki anapoogelea. Ukiichomeka wima inapingana na maji siku nzima na kidonda hakifungi.

Baadaye omba kizimba kimoja kwa mfugaji wa samaki. Weka samaki 20 wenye hereni na 20 wasio nazo, wa ukubwa mmoja, waliovuliwa pamoja, kwa wiki mbili. Wakifa wengi wa kundi la kwanza peke yake, tatizo ni mkono wako. Wakifa wa makundi yote mawili, tatizo ni uvuaji wako. Wanafunzi huiruka hatua hii kwa sababu ya gharama, kisha hawana la kujibu wanapoulizwa kama samaki wao walikuwa hai.

## Hatua ya 6: Vua bila kuua

Makila (nyavu za kutega) humkaba samaki matamvua, na sangara akikabwa usiku kucha hafai tena. Tumia ndoana, za mkono au migonzo mifupi (kamba zenye ndoana nyingi) inayokaguliwa kila saa. Samaki aliyemeza ndoana mpaka tumboni, au anayetoka damu kwenye matamvua, si wa utafiti.

Kina ndicho kinachoua kimyakimya. Sangara na sato wana bondo lililofungwa, hawawezi kutoa hewa haraka kama kambare. Hewa iliyobanwa na uzito wa maji hutanuka samaki anapopandishwa. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa hapa ni ndogo kuliko pwani, kwa hiyo kupandishwa kutoka mita 9 tu kunatosha kuifanya hewa hiyo itanuke mara mbili. Utaona tumbo limevimba, macho yametoka, na kitu kama puto jekundu mdomoni. Usilitoboe hilo puto. Ni tumbo la chakula limesukumwa nje, na bondo liko kwingine. Nimeona watu wazima wakilichoma kwa nia njema na kumuua samaki ambaye angepona.

Basi vua kwenye kina kisichofika mita 10, na uanze mapema kabla jua halijapasha maji ya tangi. Lakini usikimbilie giza. Ngurumo na radi za ziwa hili hupiga zaidi usiku na alfajiri. Subiri nahodha aangalie anga, na akisema turudi, mrudi.

## Hatua ya 7: Sekunde sitini

Samaki akiwa tangini na pampu ikinguruma, kila mtu awe na kazi moja: mmoja anashika, mmoja anachoma, mmoja anaandika. Lowesha mikono, ubao na taulo. Mkono mkavu unaondoa ute, na ute ndio ngozi yake dhidi ya ukungu.

Mtoe kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo, mwingine kwenye shina la mkia. Usimwinue kwa mdomo wala kwa matamvua. Mlaze ubaoni, mfunike macho kwa taulo iliyolowa. Hapo utaona jambo linalonishangaza mpaka leo: mwili uliokuwa unapigapiga unalegea, pezi la mgongoni linashuka, na ubavu unabaki ukitetemeka kidogo chini ya vidole vyako. Huna haja ya dawa ya usingizi. Na usiitumie, maana samaki huyu anaweza kuliwa kesho.

Sasa, samaki anapotoka majini, anayemshika abane pumzi zake. Utakapohisi unahitaji kuvuta hewa, naye anahitaji maji. Hakuna saa nzuri kuliko hiyo.

Urefu kwanza, kutoka ncha ya mdomo mpaka ncha ya mkia. Kisha hereni. Pangusa sindano kwa spiriti na uiache ikauke kabla ya kila samaki, na ayodini tone moja kwenye kidonda. Anayechoma asome namba kwa sauti, anayeandika airudie. Uzito ni wa hiari. Kama mikono bado ni mizito, uache.

Onyo: lengo ni sekunde sitini; dakika mbili zikipita bila hereni kuingia, mrudishe tangini. Usiseme "bado kidogo".

## Hatua ya 8: Mwachie kwa ushahidi

Kabla ya kumwachia, mpe majaribio matatu ndani ya maji. Mbinye mkia: anapaswa kuchomoka. Mgeuze tumbo juu: anapaswa kujigeuza ndani ya sekunde tatu. Mlaze upande taratibu huku ukiangalia jicho: la samaki mzima huzunguka likijaribu kubaki sawa na upeo wa maji. La samaki anayekufa linazunguka pamoja na kichwa, kama limepakwa rangi.

Akishindwa mawili, mrudishe tangini dakika kumi. Akishindwa tena, usimwachie na hereni. Mwandike kama aliyekufa. Najua inauma kumtoa kwenye hesabu samaki uliyemhangaikia, lakini ukimhesabu kuwa hai, kila namba utakayotoa baadaye itakuwa ya uongo.

Aliyevimba kidogo hawezi kuzama mwenyewe, na tai mlasamaki yuko juu anamwangalia. Ndiyo kazi ya kreti: ligeuze mdomo chini, samaki akiwa ndani, lizamishe kwa chuma mpaka kina alikovuliwa, kisha livute. Maji yenyewe yanaibana hewa irudi ilivyokuwa, naye anabaki chini.

Andika mahali, saa, kina, joto, na matokeo ya majaribio matatu. Kwa GPS tumia digrii zenye desimali, na hapa tafadhali kuwa makini: ikweta inapita katikati ya maji yetu. Entebbe iko kaskazini yake, Kasensero na visiwa vya Ssese viko kusini. Ukisahau alama ya kutoa, samaki wa Kasensero kwenye -0.9 anahamia +0.9, yaani upande wa Kiboga, kwenye malisho ya ng'ombe. Nimesahihisha faili zima la namna hiyo, mstari kwa mstari.

## Hatua ya 9: Pokea simu

Simu iwe na chaji, na ipokewe na mtu, si mashine. Uliza kwa mpangilio huu: namba ya hereni, siku, mahali, chombo cha kuvulia, urefu. Mahali usimtake mvuvi akutajie kwa digrii. Muulize, "Ulikuwa ukiangalia kisiwa gani, na ulitoka mwalo gani kwa muda gani wa injini?" Atakueleza vizuri kuliko ramani yako. Muulize pia kama kulikuwa na tundu la hereni ya pili; sababu iko Hatua ya 10.

Kisha tuma zawadi kabla hujakaa chini. Zawadi iliyochelewa wiki moja husimuliwa mwalo mzima, na simu zinakauka.

## Hatua ya 10: Hesabu bila kujidanganya

Mambo matatu yanapunguza hereni zinazorudi, na yote yanapimika.

Ya kwanza ni hereni kuchomoka. Weka hereni mbili kwa baadhi ya samaki. Tuseme wamerudi 12: tisa wana zote mbili, watatu wana moja. Gawa 3 kwa jumla ya 3 na 18. Unapata 1 kwa 7, yaani kila hereni ina uwezekano wa asilimia kama 14 wa kudondoka.

Ya pili ni wasioripoti. Mpe baharia mmoja unayemwamini hereni 20 azichomeke kwa siri kwenye samaki waliokwisha vuliwa, kabla mashua haijafika mwaloni. Zikiripotiwa 10, ujue nusu tu ya zinazoonekana ndizo zinazokufikia. Watafiti wa jodari walifanya hivyo hivyo kwenye meli za Bahari ya Hindi.

Ya tatu inasahaulika kuliko zote: hereni hurudi kutoka mahali wavuvi walipo. Bila kuhesabu mashua kwenye kila mwalo, utachora ramani ya wavuvi ukidhani ni ya samaki. Hereni tano kutoka mwalo wenye mashua 100 si sawa na tano kutoka mwalo wenye mashua 10.

Umbali upime kwa njia ya maji, uzunguke visiwa. QGIS (programu ya ramani) na R (programu ya takwimu) hazilipiwi na zinatosha kabisa. Vipitishi vya sauti, vifaa vidogo vya kumfuatilia samaki vinavyopandikizwa tumboni, ni elimu nyingine, yenye upasuaji na gharama kubwa. Kanuni inayofuatwa na wengi huko ni kwamba kifaa kisizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki. Usikiguse mpaka samaki wako wa kizimbani wawe hai wote.

Ukimaliza, chora ramani moja kubwa na uirudishe mwaloni. Iache mahali samaki wanapopimwa, yenye mistari ya kila hereni iliyorudi na jina la mwalo ulioirudisha. Chini yake andika ile ile namba ya +256. Laini hiyo endelea kuiwekea salio na kuitumia, maana isiyotumika hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine, na hereni huweza kurudi miaka miwili baada ya mradi kufungwa.